Kiti Kilichokipa Kioo Kisogo

Shemeji yangu ni kinyozi, na kwa miaka mingi alikuwa kinyozi wa pekee niliyepata kumwona akinyoa watu huku wamekipa kioo kisogo. Kioo chenyewe ni kizuri, kimeshika karibu ukuta mzima, na taa mbili juu yake. Lakini kiti alikigeuza. Mteja akiingia anakaa akitazama katikati ya chumba, ananyolewa hivyo hivyo, na mwisho anapewa kioo kidogo cha mkononi ajikague. Wageni wakiuliza, Shemeji anawajibu kwamba mtu akijitazama wakati wa kunyolewa hatulii. Uongo mtupu. Alikigeuza kwa sababu hakutaka kuyaona mashavu yake pembeni ya mashavu ya watu.

Najua kwa sababu nafanya kazi humo humo. Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia la kijani. Upande wa barabarani ananyoa yeye, upande wa ndani tunasuka sisi, mimi na dada yangu, ambaye ndiye mke wake. Joto likizidi tunalifunga pazia fundo ili upepo upite. Sasa piga picha mwenyewe. Mtu aliyekipa kioo kisogo anatazama wapi? Anamtazama Dada. Kila mwanamume mwenye mashavu yake kamili aliyekaa kwenye kiti kile aliwekwa na Shemeji mwenyewe, kwa mikono yake, uso kwa uso na mke wake. Halafu anakuja kununa.

Ngoja nieleze habari ya mashavu. Dada na Shemeji wanaishi na virusi vya Ukimwi tangu mtoto wao, ambaye sasa yuko chuoni, akiwa bado tumboni. Mtoto alizaliwa salama. Wao walianza dawa siku moja, kwenye meza moja, kikombe kimoja cha maji kikitoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Zilikuwa zile dawa za zamani. Ziliwaokoa, sitazisema vibaya. Lakini miaka ilivyokwenda zikaanza kuyahamisha mafuta ya mwili wa Shemeji bila kumuomba ruhusa: usoni yakaondoka, tumboni yakazidi. Akabadilishiwa, akapewa dawa bora, vipimo vikasema virusi havionekani tena kwenye damu. Nguvu zikarudi, hamu ya kula ikarudi, na ukali wake ukarudi wote. Mashavu hayakurudi.

"Virusi havionekani," alizoea kusema, "ila mimi naonekana tangu kona ya barabara."

Akafuga ndevu kufunika mashimo. Nilimwambia kinyozi mwenye kichaka cha namna ile ni tangazo baya la biashara. Hakunisemesha mpaka jioni.

Uso wa Dada haukuguswa. Uko vile vile wa mviringo, na akicheka anatoa vishimo viwili, na Dada ni mtu wa kucheka. Siku moja mteja mgeni alimwambia, kwa heshima kabisa, "Dada, mwombe baba yako anipunguze kidogo huku pembeni." Baba yako! Shemeji alikuwa ameshika mashine. Mpaka leo sijui yule mtu alitokaje mle ndani na masikio yake yote mawili.

Basi akawa na kijiba cha roho, na kilikua mpaka kikamjaa. Kliniki aliwaonea gere vijana waliopimwa juzijuzi, wanaomeza kidonge kimoja na kuondoka na nyuso zao nzima. Alimwonea gere mke wake, ambaye walikunywa naye kikombe kimoja. Taulo zake zilipokuwa zikipungua kabatini alinisingizia mimi, ingawa sote tulijua Dada ndiye anayezichukua na kuzikunja juu ya stuli anayokalia akisuka. Hata hilo lilimuuma. "Anajiinua ili aonekane vizuri," aliniambia mimi, mdogo wake mtu, bila haya.

Na aliyemwonea gere kuliko wote ni Bwana Godoro.

Huyu ana duka la magodoro ng'ambo ya barabara. Mke wake alifariki zamani, hakuoa tena. Ana mashavu ambayo angeweza kuwagawia watu wawili na yeye akabaki na ya kumtosha. Kila Ijumaa anakuja kunyolewa ndevu, anakaa, anafungwa taulo shingoni, na kwa kuwa hana kioo cha kutazama anazungumza na walio mbele yake. Anasema upuuzi wake, Dada anacheka. Akishaondoka, Shemeji anavuka pazia.

"Amekuambia nini?"

"Amesema kuna joto."

"Joto tu ndiyo ucheke vile?"

"Alilisema vizuri."

Mimi naona Dada naye alikuwa mchokozi. Lakini nilimjua Shemeji: hakuwa anatania. Aliamini kabisa kwamba siku moja Dada ataamka, atautazama uso wa mume aliye naye, ataukumbuka uso wa ng'ambo ya barabara, na atavuka. Ndiyo hofu iliyokuwa inamla, na mashavu aliyataka kwa ajili hiyo, asiachwe.

Kwa hiyo nesi wa kliniki alipomwambia kuna daktari wa upasuaji anayetoa mafuta tumboni na kuyajaza mashavuni, Shemeji hakuomba muda wa kufikiri. Tulikwenda watatu kumwona. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, asiye na haraka. Alipitia vipimo, akasema damu iko vizuri, dawa asiache hata siku ya upasuaji wenyewe, na kitambi kile kinatosha kazi.

"Una picha yako ya zamani, mzee? Nione ulivyokuwa."

"Picha ya nini, daktari? Kuna mtu anauza magodoro mtaani kwetu..."

Dada alimkanyaga chini ya meza. Daktari akacheka kidogo, akamgeukia Dada. "Na wewe, mama? Dawa zile wengine ziliwakondesha miguu na makalio mpaka kukaa ni taabu. Huna la kuniuliza?"

Dada alilivuta gauni likafunika magoti. "Mimi niko sawa, daktari."

Mimi niliona vile alivyolivuta. Shemeji hakuona wala hakusikia, alikuwa anajibinya kitambi.

Siku ya upasuaji nesi alikuja na wembe na sabuni, ndevu zitoke. Shemeji akamwambia hajazaliwa wa kumnyoa yeye, akauchukua wembe. Dada ndiye aliyemshikia kioo. Nilisimama mlangoni. Ndevu zilianguka kwenye karatasi, na kilichotoka chini yake hata mimi nilikuwa nimekisahau: ngozi imelala juu ya mfupa, mashimo mawili ambamo unaweza kuegesha yai. Alijitazama. Kisha akainua macho kutoka kwenye kioo mpaka usoni kwa aliyekishika.

"Kikombe kilikuwa kimoja," akasema. "Kwa nini mimi tu?"

Dada akakishika kioo kwa mikono yote miwili.

Alitoka salama. Tumbo limefungwa kwa mkanda mpana, uso umevimba kama unga uliotiwa hamira, na chini ya macho pamekuwa zambarau. Kwetu sisi ilikuwa inatisha. Yeye alikuwa na furaha ya harusi. Daktari akaja kumpa masharti, akayasema taratibu, na akayarudia.

"Uvimbe utashuka, usishtuke. Mafuta mengine yatanyonywa na mwili, usishtuke. Lakini haya niliyoyapanda ni kama mche, ukitikiswa kabla haujashika, umekwenda. Ulale chali, kichwa kiwe juu. Uso usibinywe, usikandwe, usipitishwe wembe, mpaka nikuruhusu mimi."

"Mimi ni mtu wa uso, daktari," Shemeji akamjibu. "Kazi yangu ni nyuso za watu. Huna haja ya kunifundisha."

Nyumbani kwao ni ghorofani, juu ya saluni. Shemeji alikaa dirishani na kile kioo kidogo cha wateja, anajitazama shavu hili, anajitazama lile. Uvimbe ulivyokuwa ukishuka akawa anapendeza kweli, tuseme haki. Tatizo lilikuwa kulala. Tangu kuzaliwa ni mtu wa kulalia ubavu. Usingizi ukimchukua tu anageuka na kulitumbukiza shavu kwenye mto, na Dada anaamka kumgeuza, analala, anaamka tena. Asubuhi Dada anakuja kazini macho mekundu, anasuka mstari unaokwenda upande. Siku moja akaniachia kichwa cha mteja, akasema anavuka mara moja kwa Bwana Godoro.

"Kufanya nini?"

"Kutafuta mto utakaomshika kichwa."

Kesho yake akavuka tena, na siku ya tatu akavuka tena, maana mto wenyewe haukuwa unapatikana tayari, ilibidi ukatwe kwa kipimo. Shemeji hakuambiwa. Dada alitaka uishe kwanza, maana alijua jina la Bwana Godoro likitajwa mle ndani hata supu haitameng'enywa.

Sasa, dirisha la Shemeji linatazama moja kwa moja kwenye duka la magodoro, na duka lina vioo mbele.

Siku hiyo ya tatu nilipanda na bakuli la supu. Nilipofungua mlango nilisikia harufu ya sabuni ya kunyolea. Birika lilikuwa linatoa moshi, taulo la moto begani kwake, na wembe mkononi. Upande wa kulia alikuwa ameshamaliza. Alikuwa kwenye wa kushoto, ameivuta ngozi kwa dole gumba juu ya mfupa ili inyooke, kama anavyomvuta mteja yeyote.

"Shemeji! Wembe!"

"Njoo uone," akasema bila kugeuka. "Njoo umwone dada yako."

Niliangalia. Ndani ya duka, mbele ya macho ya mtaa mzima, Bwana Godoro alikuwa amelala juu ya godoro la maonyesho, na Dada amemwinamia na futi ya fundi nguo, anampima shavu. Wote wawili wanacheka.

"Shemeji, sikiliza, ule ni..."

"Nimeanza kunyoa watu hujaota meno. Niache nimalize, niende nikamwonyeshe kwamba mashavu na mimi ninayo."

Akamaliza. Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea, na nina hakika hakulikusudia. Mikono ya yule mtu imenyoa miaka yote hiyo kwa mpango ule ule, na haijui kuishia njiani. Wembe ukiwekwa chini, taulo la moto linafuata, likabandikwa usoni na kukandamizwa. Taulo likitoka, mafuta yanafuata. Mafuta yakishapakwa, viganja viwili vinaanzia tayani, vinapanda vikizunguka mpaka masikioni, kwa nguvu, mara kadhaa, hata mteja afumbe macho. Na mwisho makofi mawili, moja huku na moja huku, kuamsha damu. Alijifanyia yote. Supu ilinimwagikia vidole nikiwa nimesimama pale nikipiga kelele, naye hanisikii, macho yako ng'ambo ya barabara.

Akavaa shati la kutokea, akashuka. Nikamfuata.

Tulipoingia dukani, Bwana Godoro alikuwa bado amelala chali, kichwa chake kimezama kwenye kipande kikubwa cha sponji kilichochongwa shimo la umbo la kichwa. Pembeni mashavu yake yalikuwa hewani, hayagusi kitu.

"Fundi!" akainuka, vipande vya sponji vimemganda nyweleni. "Afadhali umekuja mwenyewe, mkeo atanimaliza! Siku tatu nakata, narudia kukata. Mara shimo dogo, mara linabana shavu. Nikamwambia basi nipime mimi mwenye mashavu makubwa, yangu yakipona na ya mumeo yatapona. Lala hapa ujaribu. Hata ugeuke vipi, hakuna kitu kitakachokugusa."

Shemeji alisimama katikati ya magodoro. Alikuja na maneno yake yamepangwa, nilimsikia akiyasema ngazini, sasa akaukodolea mto macho.

Dada hakuwa anatazama mto tena. Alisogea, akanusa. Yale mafuta tunayajua sote.

"Umenyoa."

"Nimenyoa."

"Umekanda?"

Shemeji akajifunga kifungo cha shati.

"Mume wangu, nakuuliza. Umekanda?"

Akainua mkono kulishika shavu la kushoto, ambako ndiko mkono wake wenye nguvu unakoangukia, maana yeye hutumia kushoto, kisha akakumbuka haliruhusiwi kushikwa, mkono ukabaki hewani. Bwana Godoro, ambaye hakuwa anajua lolote zaidi ya kwamba daktari amekataza uso usiguswe, akajifanya anatafuta mkasi.

Dada aliubeba ule mto mwenyewe mpaka ghorofani. Aliuweka kitandani taratibu. Mimi nilidhani atalia. Badala yake akamgeukia, na sijawahi kumwona dada yangu na sura ile.

"Unadhani wivu ni wako peke yako?" akasema. "Siku ile daktari anasema mafuta yanahamishwa, nilikuonea wivu mpaka nikaona kizunguzungu. Wewe una kidonda kinachoonekana. Watu wanakupisha, nesi anakuambia kuna daktari, mimi nakushikia kioo. Mimi nani ananishikia?"

"Wewe uso wako..."

"Uso wangu!" Akalipandisha gauni. Ndani alikuwa amevaa suruali mbili za kubana, moja juu ya nyingine, akazivua zote mbele yetu. Miguu ilikuwa vijiti, mishipa imechomoza, na mapaja hayakuwepo. Mimi nilijua amekonda, sikujua kiasi kile. "Kikombe kilikuwa kimoja, ndiyo. Wewe zilikula juu, mimi zikala chini. Unajua kwa nini nachukua taulo zako? Nakalia mfupa. Stuli ile kufika mchana ni kama nimekalia msumari."

Shemeji aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Nadhani tangu ageuze kiti alikuwa pia amejigeuza mwenyewe, anavua na kuvaa akielekea ukutani, anazima taa kabla mke hajapanda kitandani, yote ili uso wake usionekane.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesikia saa ngapi? Kila siku unanitazama uso."

Aliulalia ule mto kwa utiifu wote, lakini shavu la kushoto halikungoja. Wiki zilivyopita la kulia lilishika, likatulia, zuri kabisa. La kushoto likanywea taratibu mpaka likabaki nusu. Tulirudi kwa daktari, akalipapasa, akakunja uso.

"Hapa pamekandamizwa. Nani alikukanda?"

"Kinyozi," Shemeji akasema.

"Huyo kinyozi mwambie..."

"Nimeshamwambia, daktari."

Daktari akasema inawezekana kurudia, ila mpaka mwakani, mafuta yatulie kwanza. Shemeji akaitikia. Kisha, badala ya kuinuka, akasema, "Daktari, siku ile ulimuuliza mke wangu swali, mimi sikulisikia. Naomba umuulize tena." Dada akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemfundisha. Sikumfundisha. Wakazungumza muda mrefu, mimi nikatoka nje.

Siku aliyorudi Shemeji kazini, jambo la kwanza alikizungusha kiti kikatazama kioo. Kilikuwa kimeshika kutu, kikalia vibaya. Akasimama nyuma yake akajiona vizuri, shavu moja limejaa na moja nusu, na hakufuga ndevu tena. Halafu akaingia upande wetu bila kubisha, akapiga goti, akapima stuli ya Dada kwa futi, upana na urefu. Akataka kumpima na yeye mwenyewe, akaona haya mbele ya wateja, akakisia kwa macho. Akavuka barabara. Alikawia huko. Aliporudi alikuwa na sponji iliyokatwa kwa umbo la kiti, na shimo limechongwa pale mfupa unapoangukia, na nyweleni ana vipande. Kumbe alilala, samahani, alikaa mwenyewe kuijaribu.

Ijumaa ikafika, Bwana Godoro akaja, akashangaa kujiona kwenye kioo. Lakini kioo kile ni kikubwa, na pazia lilikuwa limefungwa fundo, kwa hiyo humo ndani walionekana wote: yeye na taulo shingoni, Shemeji na wembe, na nyuma yao Dada amekaa anasuka. Shemeji aliona kile ambacho kioo kimemfanyia. Akaendelea kunyoa. Bwana Godoro akasema jambo, Dada akacheka.

Mteja alipoondoka, Shemeji akaja kwenye pazia.

"Amekuambia nini?"

"Ameniuliza kama kiti kimenikaa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia amuulize aliyekipima."

Shemeji akacheka. Shavu la kulia likapanda, la kushoto likabaki nyuma kidogo, likafika baadaye. Akarudi upande wake akaanza kukunja taulo, zote zilikuwepo.